Vinasaba vya Ghali

Siku ile Sabuni hakuwa mgonjwa. Aliingia katika kliniki ile ya binafsi kwa sababu feni yake ilikuwa nzima, viti vyake vilikuwa laini, na pembeni kulikuwa na maji baridi yasiyolindwa na mtu. Mwenye shughuli kama zake hupendelea kupumzika kwa watu, maana kwake huenda kuna watu wanamsubiri.

Jina la Sabuni alipewa na waliowahi kumshika. Kumshika hakukuwa kazi; kazi ilikuwa kubaki naye mkononi. Alishauza viwanja vya makaburi vyenye mandhari nzuri. Alishauza bima ya kulinda simu dhidi ya kijicho. Na kwa miezi minane, katika kipindi cha dhiki ambacho hapendi kukizungumzia, alifanya kazi ya halali: kupeleka vifurushi vya maabara kwa pikipiki. Huko ndiko alikookota maneno makubwa makubwa ya kitabibu. Wengine huokota mafua.

Ukuta kati ya chumba cha kusubiria na chumba cha daktari ulikuwa wa mbao nyembamba, na Sabuni hakulelewa kuziba masikio.

"Hii ripoti ameilipia binti yangu aliyeko ng'ambo," ilisema sauti ya mama mtu mzima. "Walinitumia kijiti cha pamba, nikajipangusa ndani ya shavu, tukakirudisha. Ni kipimo cha vinasaba, cha kujua dawa ipi inanifaa na ipi hainifai. Sasa nimeletewa kurasa nne na sijaelewa hata moja. Nifafanulie, daktari."

Karatasi zikachakarika. Kikapita kikohozi.

"Mmh," daktari akasema. Ukurasa ukageuzwa. "Mmmh. Vizuri. Vizuri kabisa."

"Vizuri vipi?"

"Vinasaba vyako... vipo."

"Vipo?"

"Vipo, tena vimekaa mahali pake. Endelea na dawa zako kama kawaida."

"Na hiki kisanduku chekundu?"

"Hiyo ni rangi ya kampuni."

"Aa. Sawa," alisema yule mama, kwa sauti ya mtu ambaye mambo hayako sawa.

Sabuni akaweka kikombe chini. Kwa miaka ishirini alikuwa akila kwa kuitambua sauti ya mtu asiyejua na anayeona haya kusema hajui. Leo alikuwa amewasikia wawili kwa mpigo: daktari anaona haya kusema, mgonjwa anaona haya kuuliza tena. Vichwa viwili vinaitikiana, na katikati yao hakuna kitu. Hapo katikati, aliwaza, pana nafasi ya kutosha kuweka meza na kiti.

Yule mama alitoka na bahasha kwapani. Alikuwa mrefu, mwenye mvi zilizochanwa kwa nidhamu, na wote pale walimwita Mwalimu kwa kuwa alikuwa amewafundisha hesabu, wao au watoto wao. Miezi mitatu kabla alikuwa amewekewa kijibomba kidogo cha waya kwenye mshipa wa moyo. Sabuni akasimama kwa adabu, akampisha, kisha akaingia kwa daktari bila kuitwa.

"Namba yako?" daktari akauliza.

"Namba ni za wagonjwa, daktari. Mimi ni mshauri wa vinasaba vya dawa, kanda hii na za jirani."

Daktari akatupia jicho ule ukuta wa mbao. "Umekuwa hapo nje muda mrefu?"

"Muda wa kutosha kusikitika. Bingwa kama wewe kupotezewa asubuhi na makaratasi! Wenzako wa katikati ya mji hawasomi ripoti hizi. Wana mtu."

"Wana mtu?"

"Wana mtu. Daktari anatibu, mtu wa vinasaba anasoma vinasaba. Kwani mashuka ya wagonjwa unayafua wewe?"

"Hapana."

"Umeona."

Daktari akashusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu mwanamke yule aweke bahasha mezani. Alikuwa amesoma vizuri zamani, akafaulu, akafungua kliniki, na tangu hapo alikuwa akisoma bei tu. Dakika tano zilizopita alikuwa mtu asiyejua. Sasa alikuwa mtu mkubwa asiyetakiwa kujua. Ni furaha ambayo haina dawa.

Wiki iliyofuata stoo ya mashuka ikageuka chumba cha vinasaba. Sabuni alivaa koti jeupe. Ukutani alitundika picha ya ngazi iliyojisokota, aliyoinunua katika duka la vitabu vya shule. Mteja alikuja, akapanguswa shavu kwa pamba, pamba ikatiwa kwenye kichupa, kichupa kikaandikwa namba. Baada ya siku saba ilitoka kadi ngumu iliyopigwa plastiki, yenye orodha ya dawa katika rangi tatu.

"Kijani," Sabuni alikuwa akieleza, "ni dawa inayokupenda. Njano ni dawa inayokuvumilia. Nyekundu ni ile inayokuchekea usoni na kukusengenya ukigeuka."

Kwa ajabu ambayo hakuna aliyeihoji, dawa zote za bei nafuu zilitokea nyekundu, na zile za kutoka mbali, zilizouzwa kwa gharama palepale klinikini, zilitokea kijani. Daktari hakuuliza. Tumtendee haki: hakujua kuwa ni uongo. Aliamini kwa moyo wote, na imani yake ilikuwa inalipa vizuri.

Jambo ambalo Sabuni mwenyewe hakulitarajia ni kwamba watu walizipenda nyekundu zao. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyejulikana kama Mzee wa Mabati, aliweka kadi yake kwenye fremu na kuitundika juu ya sanduku la misumari. Mkandarasi mmoja alipokuja kununua rangi, akaitazama.

"Nyekundu ngapi, mzee?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne!" Mkandarasi alikuwa na nane. Alinunua rangi kwa unyonge, na kesho yake akarudi klinikini kuomba apimwe tena, kwa uangalifu zaidi.

"Sisi ukoo wetu," Mzee wa Mabati aliwaambia wateja, "hatuwezi dawa za hivi hivi. Damu haikubali. Vinasaba vyetu ni vya ghali."

Wakafika wateja thelathini na wanane. Na siku moja, kabla ya saa sita, akaingia Mwalimu na bahasha yake ileile. Daktari ndiye aliyemwelekeza kule.

Sabuni akazipokea kurasa nne kwa mikono miwili, akazitazama kwa heshima wanayostahili marehemu.

"Hapa," Mwalimu akasema, akiweka kidole kwenye kisanduku chekundu, "pana nyota na mbili, halafu mstari umelala upande, halafu nyota na mbili tena. Maana yake nini?"

"Hilo ni daraja, mama. Kama hoteli."

"Hoteli?"

"Moyo wako ni wa nyota mbili. Si mbaya hata kidogo. Safi, tulivu, isipokuwa huduma inachelewa kidogo."

"Na wenye nyota tano wapo?"

"Wapo wachache. Lakini kwa dawa sahihi mtu hupandishwa daraja. Ninazo."

Mwalimu akaondoa kidole kwenye kisanduku. "Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na mitatu. Mtoto akiniletea jibu bila njia, nilikuwa namwambia aende ubaoni. Nionyeshe njia, mwanangu."

"Njia ni siri ya kampuni, mama."

"Ndivyo walivyokuwa wakisema wanafunzi wangu," Mwalimu akajibu. "Asante." Akakunja karatasi zake akatoka.

Mwishoni mwa ukumbi kulikuwa na dirisha la dawa, na nyuma ya dirisha alikaa mfamasia, mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa kuwa dirisha lenyewe lilikuwa dogo na hakuna aliyeinama kumsikiliza. Mwalimu aliinama.

"Mwanangu, hii unajua kuisoma?"

"Si yote, Mwalimu."

"Hebu rudia."

"Siijui yote. Ila kipande hiki nakijua."

Tangu ripoti ile iingie katika jengo lile, huyo alikuwa mtu wa kwanza kukiri kuna asichokijua. Mwalimu akavuta kiti mpaka dirishani.

"Hii dawa yako ya kuzuia damu isigande," mfamasia akasema, "unaimeza ikiwa imelala. Haifanyi kazi mpaka ini liiamshe. Sasa kila mtu amerithi nakala mbili za maelekezo ya kuiamsha, moja kwa baba, moja kwa mama. Hiyo nyota na mbili ni jina tu, jina la nakala iliyoharibika. Wewe zote mbili ndizo hizo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo unaimeza imelala, inazunguka imelala, inatoka imelala."

Kila asubuhi kwa miezi minne Mwalimu alikuwa ameimeza, bila kuruka siku, akiweka alama ya vema kwenye kalenda kama mtu anayesahihisha daftari.

"Na kijibomba changu?"

"Kinaweza kuziba. Sisemi kimeziba. Ila usikae nalo hili hata siku moja. Na usiache dawa yoyote kwa kujiamulia. Aliyekuwekea hicho kijibomba yuko wapi?"

"Hospitali kubwa."

"Twende."

Akafunga dirisha. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaguna. Akamshika Mwalimu kiwiko, akamtia kwenye teksi, akakaa naye, na njia nzima Mwalimu alikuwa ameibana bahasha kifuani kwa mikono miwili kama kwamba ndiyo iliyokuwa ikipampu damu. Kama kuna wakati aliogopa katika maisha yake, aliogopa mle ndani ya teksi, kwenye taa nyekundu isiyotaka kubadilika.

Bingwa wa moyo aliisoma ripoti akiwa amesimama. Hakumaliza ukurasa wa pili. Alimpima, akamkuta salama, na saa ileile akambadilishia dawa, akampa nyingine isiyohitaji kuamshwa na maelekezo yale.

"Mbona hukuniletea mimi tangu mwanzo?" akauliza.

"Nilidhani daktari ni daktari," Mwalimu akasema.

Hofu ilipompungua, hasira ikapata nafasi ya kukaa. Walikuwa wameketi kwenye benchi nje ya hospitali, yeye na mfamasia, wakigawana pakiti ya biskuti.

"Yule bwana wa kadi," Mwalimu akasema. "Hizo pamba anazipeleka wapi?"

"Kwenye pipa la taka. Naziona kila jioni nikifunga. Nyingine hata hajazitoa kwenye vichupa vyake."

"Na daktari wako?"

"Anaamini. Nimejaribu kumwambia mara mbili. Anasema nihesabu vidonge."

"Twende polisi?"

"Akisikia harufu ya polisi tu, ameondoka na pesa za watu wote. Si bure anaitwa Sabuni."

Mwalimu akatafuna biskuti polepole. "Sabuni haikamatwi kwa kuibana, mwanangu. Ukiibana inaruka. Unaiwekea kisahani, inakaa yenyewe." Akafuta makombo. "Ngoja nizungumze na binti yangu."

Siku tatu baadaye simu ya Sabuni ikaita. Namba ilikuwa ndefu, ya ng'ambo, na sauti ilikuwa ya mwanamke aliyezoea kusubiriwa.

"Naongea na mshauri wa vinasaba?"

"Wa kanda hii na za jirani," Sabuni akasema, akijiweka sawa kitini ingawa hakuonekana.

"Kuna maabara huku inapima vinasaba vya dawa. Tumesikia una wateja karibu arobaini. Ni kweli?"

"Thelathini na wanane. Wengine wapo njiani."

"Maabara inapokea maombi ya watu wengi kwa pamoja. Wewe utaleta sampuli za wateja wako wote, utazilipia, utapata majibu yake. Na utapata cheti chenye mhuri wa maabara."

"Mhuri wenyewe?"

"Mhuri wenyewe."

Hapa msimulizi analazimika kumwonea huruma. Sabuni alikuwa amechonga mihuri kwa viazi, kwa raba za penseli, na safari moja kwa kisigino cha kandambili. Alikuwa amepiga mihuri ya wizara tatu na ya chama kimoja cha mpira. Lakini mhuri wa kweli, uliotolewa kwake, kwa hiari ya mwenye mhuri, hakuwahi kuupata. Akili yake ikakimbia mbele: akiwa na cheti kile, ataviuzia uwakala vituo vyote vya afya vya mji, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikidhani kiko peke yake.

Mkataba ulifika. Alijifungia nao chumbani asubuhi nzima. Mikataba aliijua kama mwizi anavyojua makomeo, na katika huu alitafuta uongo mahali pote ambapo yeye mwenyewe angeuweka: kwenye herufi ndogo, nyuma ya ukurasa, chini ya sahihi. Haukuwepo. *Malipo yakipokelewa hayarudishwi.* Haki yao. *Kila sampuli itapimwa.* Vizuri. *Kila aliyepimwa atapewa majibu yake.* Sawa. Mkataba ule haukuwa na uongo hata chembe, na hicho ndicho kilichomponza. Mtu aliyezoea kukwepa mashimo huanguka kwenye sakafu.

Neno moja tu halikuwemo: kwamba yeye atapata chochote zaidi ya cheti.

Daktari alipoelezwa, macho yalimng'aa. "Na mimi nimo?"

"Bila wewe, daktari, mimi nani?" Sabuni akasema, na daktari akatoa fungu lake lote la mapato ya kadi, akaliunganisha na la Sabuni, wakatuma.

Kilichobaki kilikuwa sampuli. Zile za kwanza, bila shaka, zilikuwa zimekwenda na gari la taka. Hivyo Sabuni akapita nyumba kwa nyumba na duka kwa duka, na vijiti vipya na fomu za maabara, akiwaambia wateja ni marudio ya bure kwa wateja wa heshima. Maabara ilikuwa kali. Kijiti kizungushwe kwenye shavu nusu dakika. Mtu asiwe amekula. Mtu asaini kwamba amekubali na ameelewa.

"Soma kwanza ndipo usaini," alimwambia mama mmoja mshona sare za shule, kisha akashtuka kwa maneno yaliyomtoka. Hakuwahi kumwambia mtu asome kwanza, tangu azaliwe.

Alipomaliza mteja wa thelathini na wanane viatu vilikuwa vimemwisha upande mmoja. Hakuwahi kufanya kazi kiasi kile, na hakugundua kuwa ilikuwa kazi.

Wiki tatu zikapita, likaja boksi. Sabuni alilifungulia klinikini, juu ya meza ya daktari, daktari akiwa ameegemea bega lake. Ndani kulikuwa na ripoti thelathini na nane, kila moja kurasa nne. Chini kabisa, ndani ya bahasha ngumu, kulikuwa na cheti. Kilikuwa na mhuri, tena wa kweli, wenye nakshi pembeni. Kilisomeka: *Tunakushukuru kwa kutuletea wateja.*

Sabuni akakigeuza nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe. Akatikisa boksi. Akaingiza kichwa ndani ya boksi.

Kisha akapiga ile namba ndefu. Simu ikaita, na ikapokelewa na mtu aliyekuwa upande wa pili wa ule ukuta wa mbao.

"Haloo," akasikia, mara mbili: moja sikioni, moja ukutani. "Binti yangu yuko kazini saa hizi. Simu zako ameelekeza zije kwangu. Una shida gani, mwanangu?"

Mlango ukafunguka. Alikuwa Mwalimu, na simu sikioni, na nyuma yake mfamasia.

Sabuni hakuwa mjinga. Alihitaji kama pumzi mbili hivi kuliona jambo zima, kutoka paa mpaka msingi, na alipoliona, kitu cha kwanza alichokihisi hakikuwa hasira. Kilikuwa kile anachohisi fundi akipita mbele ya ukuta uliojengwa na fundi mkubwa kuliko yeye.

"Mmenifanya niwapime kweli," akasema polepole.

"Walilipia kupimwa," Mwalimu akasema. "Umewapima."

"Wote."

"Thelathini na wanane. Nimehesabu."

Sabuni akatazama dirisha. Lilikuwa na nondo. Akatazama mlango.

"Chumba cha kusubiria kimejaa," mfamasia akamwambia. "Nimewapigia simu asubuhi kwamba majibu kamili yamefika. Ukipita pale na boksi tupu, sijui watakuelewaje. Ukipita ukiwagawia majibu, watakupisha."

Daktari alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine, mdomo wazi. "Majibu kamili? Na zile kadi je?"

Kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda ndani ya boti, akaelewa.

Wakatoka wote wanne. Mama mshona sare ndiye aliyekuwa mbele. Akachukua ripoti yake, akaifungua, akamgeukia daktari kama watu walivyozoea. "Nifafanulie, daktari. Hapa panasemaje?"

Daktari akaishika. "Mmh," akasema. Akageuza ukurasa. "Mmmh."

Mwalimu akakohoa, kama alivyokuwa akikohoa zamani nyuma ya madawati siku za mtihani.

Daktari akafunga ripoti. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Sijui," akasema. Dari haikuanguka. Akajaribu tena, kwa sauti. "Hizi sijajifunza kuzisoma. Mfamasia wangu anajua zaidi yangu. Atawasomea, na mimi nitakaa hapa nisikilize. Asipojua yeye, tutaandika barua kwa anayejua."

Basi mfamasia wa dirishani akaletewa kiti cha daktari, akaketi, na Sabuni, kwa sababu koti jeupe alikuwa bado amelivaa na mdomo wake ulikuwa ndio kazi yake, akapewa kurudia maelezo kwa lugha ya watu.

"Mama," akamwambia mshona sare, akiisoma karatasi aliyowekewa kidole na mfamasia, "ile dawa ya maumivu unayopewaga kila ukija na mgongo. Mwili wako hauwezi kuigeuza iwe dawa kamili. Ukiinywa ni kama umekunywa maji."

"Miaka sita," yule mama akasema. "Miaka sita nasema hainisaidii. Wananiambia nadeka. Mume wangu anasema nadeka. Hata mama yangu mzazi." Macho yakamjaa machozi. "Kumbe sikuwa nadeka."

"Hukuwa unadeka. Kuna nyingine, watakuandikia."

Mama akamshika Sabuni mkono kwa mikono yake yote miwili. Sabuni alishawahi kushikwa mikono na mamia ya watu waliokuwa wakimshukuru. Ilikuwa sehemu ya biashara, na ndio wakati ambao kwa kawaida alianza kuangalia njia ya kutokea. Safari hii hakujua aangalie wapi.

Waliopata jambo la maana walikuwa wanne tu. Wengine thelathini na wanne waliambiwa kwamba kwa dawa wanazotumia hakuna haja ya kubadilisha kitu, na zile za bei nafuu walizoziacha zingewafaa vilevile. Ungedhani watashangilia.

"Nani wa kawaida?" Mzee wa Mabati alinguruma.

"Wewe, mzee," Sabuni akasema. "Kwa dawa yako ya presha, uko kama watu wote. Ile uliyokuwa ukinunua zamani inakufaa kabisa."

"Ile ya maskini?"

"Ileile."

"Nilikuwa na nyekundu kumi na nne! Zimekwenda wapi?"

"Hazikuwahi kuwepo, mzee. Nilizichapa mwenyewe."

Alikuwa amesema ukweli mbele ya mashahidi zaidi ya ishirini, na alijikaza kupokea kofi. Lakini Mzee wa Mabati alimtazama kwa dharau tu, kama anayemwona mtu amenunuliwa na wabaya wake. "Mkandarasi amekulipa shilingi ngapi uniseme hivyo?" akauliza, akavaa kofia, akatoka.

Mwalimu hakumpeleka Sabuni polisi. Alimpa kazi ya nyumbani: azipitie nyumba zote thelathini na nane, azikusanye kadi za uongo moja moja, azilete zichomwe, asije mtu akamnyima mwanawe dawa kwa sababu ya kadi hizo. Sabuni alikubali. Hakuwa na nauli ya kukataa.

Siku ya tano ilibaki kadi moja. Akaingia katika duka la vifaa vya ujenzi, akatazama juu ya sanduku la misumari, na akaona fremu mpya, ya rangi ya dhahabu, na ndani yake si kadi yake. Ilikuwa karatasi ya kawaida, iliyokatwa kwa mkasi, kingo zikienda upande. Neno *kinasaba* lilikuwa limekosewa mara mbili.

"Kliniki nyingine, ng'ambo ya soko," Mzee wa Mabati akasema kutoka kwenye kaunta, bila kuinua macho. "Wataalamu hasa. Nyekundu kumi na tisa."

"Mzee," Sabuni akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa akijaribu kumnusuru mtu, na maneno yakamkwama kama funguo za nyumba ya watu. "Mzee, umetapeliwa. Nakwambia mimi. Nani ajuaye kama mimi?"

"Wivu huo. Kwako nilipata kumi na nne tu."

"Walikutoza kiasi gani?"

"Mara mbili ya kwako. Kitu kizuri hakiwi rahisi."

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Na foleni inafika barabarani."

Sabuni akasogea karibu na fremu. Aliisoma kutoka juu mpaka chini. Hata rangi nyekundu yenyewe ilikuwa imetoka nje ya mistari, na plastiki hawakupiga. Akaketi juu ya mfuko wa saruji, akashika kichwa kwa mikono miwili, na Mzee wa Mabati, ambaye kwa asili si mtu mbaya, akamwuliza kama anaumwa, maana yeye anaweza kumwelekeza mahali pa kwenda kupimwa.